Mswada Uliochomwa na Mswada Uliorudishwa: Dhiki ya Ndoa na Kukataliwa kwa Kazi ya Sanaa

Dhiki ya ndoa na kukataliwa kwa kazi ya sanaa ni mambo mawili ambayo huzungumzwa mbalimbali, la kwanza likiachiwa wazee, viongozi wa dini na washauri wa familia, la pili likiachiwa wahariri na wahakiki. Lakini kwa mtunzi anayeandika nyumbani kwake, katikati ya watoto, kodi ya pango na mahitaji ya mwenzi wake, mambo haya hukutana katika chumba kimoja na mara nyingi katika saa ileile. Asiye na amani nyumbani hukosa utulivu wa kuandika, na anayerudishiwa kazi yake na wachapishaji huupeleka uchungu huo katika ndoa ambayo huenda tayari imechoka. Ndiyo maana sura hii inayachunguza kwa pamoja, kwa kufuata maisha na maandishi ya Buchi Emecheta wa Nigeria, mwandishi aliyeyapitia yote mawili katika miaka ileile na kuyaeleza kwa uwazi ambao wachache katika kizazi chake waliuthubutu.

Kabla ya kuingia katika habari zake, inafaa kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Shida za ndoa, kwa maana inayotumika hapa, ni mizigo ambayo wanandoa huibeba wakiwa upande mmoja, kama vile umaskini, ugonjwa, msiba, kukosa watoto, au ugeni katika nchi ya watu. Dhuluma ndani ya ndoa ni jambo jingine, kwa kuwa humo mmoja wao ndiye anayegeuka kuwa mzigo wa mwenzake, kwa kumpiga, kwa kumnyima kauli juu ya mwili wake au mshahara wake, au kwa kuiharibu kazi ya mikono yake. Vivyo hivyo kukataliwa kuna sura mbili. Kuna kukataliwa kwa kazi, pale mhariri anapousoma mswada, yaani andiko ambalo bado halijachapishwa, akaona haufai na kumrudishia mwenyewe. Na kuna kukataliwa kwa mtunzi, pale anapoelezwa kwamba mtu wa namna yake hana haki ya kuandika, hata akiandika vizuri kiasi gani. Hoja ya sura hii ni kwamba uvumilivu hujenga pale inapokuwapo shida ya pamoja au kazi iliyorudishwa, na hubomoa pale inapokuwapo dhuluma au mtunzi anaponyimwa haki ya kuwapo, na kwamba anayeshindwa kuzitofautisha hali hizi anaweza kuvumilia palipohitaji kuondoka na kukata tamaa palipohitaji kuvumilia.

Malezi ya msichana aliyetaka kuandika

Florence Onyebuchi Emecheta alizaliwa Julai 21, 1944, mjini Lagos, kwa wazazi Waigbo wenye asili ya Ibuza, mji ulio upande wa magharibi wa mto Niger. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake alikuwa amewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto, na aliyemuuza alikuwa kaka yake wa damu. Alirudi kwao baada ya kufariki kwa mwanamke aliyemmiliki, na habari hiyo ndiyo iliyozaa riwaya ya The Slave Girl iliyochapishwa mwaka 1977. Kwa binti aliyekulia katika nyumba hiyo, swali la nani anayamiliki maisha ya mwanamke lilikuwa sehemu ya historia ya mama yake mzazi, na litaonekana tena na tena katika vitabu vyake vyote.

Kama ilivyokuwa desturi katika familia nyingi za wakati huo, kaka yake mdogo alitangulizwa shuleni na yeye akabakizwa nyumbani, hadi alipowashawishi wazazi wampe nafasi. Baba yake alifariki angali mdogo, na baadaye akapata ufadhili wa kusoma Methodist Girls' High School huko Lagos. Mapenzi yake ya hadithi yalitokana na simulizi alizozisikia Ibuza kutoka kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, na ndoto yake ya kuwa mtunzi ilianza mapema. Katika Head Above Water, tawasifu yake ya mwaka 1986, yaani kitabu ambacho mtu husimulia maisha yake mwenyewe, anaeleza kwamba siku alipotamka darasani kuwa angependa kuwa mwandishi, mwalimu wake Mwingereza aliona ni kiburi na kumwamuru aende kanisani shuleni hapo akaombe msamaha.

Tukio hilo ni mfano wa mapema wa kukataliwa kwa mtunzi. Mwalimu hakuwa amesoma andiko lolote la msichana huyo, wala hakukosoa sentensi yake hata moja; alichokataa ni wazo kwamba mtoto wa Kiafrika, tena wa kike, anaweza kujihesabu miongoni mwa watunga vitabu. Hukumu ya namna hiyo haimwachii mtu kitu cha kurekebisha, kwa sababu haina habari yoyote kuhusu kazi yenyewe, na anayeipokea kama tathmini ya kipaji chake huwa amepokea kisichokuwapo.

Ndoa na ugeni wa London

Emecheta alichumbiwa akiwa na umri wa miaka 11 na kuolewa mwaka 1960 akiwa na miaka 16, mume wake akiwa Sylvester Onwordi, ambaye baadaye alikwenda Uingereza kusoma. Mwaka 1962 alimfuata London akiwa na watoto wawili wadogo, na kufikia umri wa miaka 22 alikuwa na watoto wanne na mimba ya wa tano.

Mazingira waliyoyakuta yalikuwa magumu kwa mume na mke vilevile, na haki inadai yatajwe kabla ya kutaja makosa ya mtu. Wenye nyumba London waliweza kutangaza waziwazi kwamba hawapangishi watu weusi, na hakuna sheria iliyowazuia: sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi Uingereza, ya mwaka 1965, iligusa maeneo ya umma tu, na ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 1968 ndipo makazi na ajira vikaingizwa. Familia za Waafrika zilisongamana katika vyumba vidogo vyenye baridi, ndugu na majirani waliokuwa nguzo za ndoa nyumbani hawakuwapo, na wanaume waliokuwa na hadhi kwao walijikuta wakihesabiwa watu wa chini, huku mitihani waliyoifuata ng'ambo ikiwashinda. Haya ni shida za ndoa kwa maana iliyoelezwa hapo juu, na wanandoa wengi wahamiaji waliyavuka wakiwa wameshikana mikono.

Riwaya ya Second-Class Citizen, iliyotoka mwaka 1974, inaonyesha jinsi shida za pamoja zinavyoweza kugeuka dhuluma. Mhusika mkuu wake, Adah, amejengwa kutokana na maisha ya mwandishi, na mumewe katika riwaya anaitwa Francis. Adah ndiye anayefanya kazi maktaba na kulisha nyumba, ilhali Francis anashindwa mitihani na kutafuta nafuu ya aibu yake kwa kumtawala mkewe. Anapokwenda kliniki kutafuta njia ya kupanga uzazi, Adah anakuta fomu inayohitaji saini ya mume, anaighushi, na siri hiyo inapofichuka anapigwa, kisha habari zake zinaandikwa katika barua kwenda kwa wakwe Nigeria. Mwandishi hamchori Francis kama shetani; anaonyesha mwanamume dhaifu aliyefundishwa kwamba mke ni mali, akawekwa katika nchi iliyomnyang'anya kila kitu kingine cha kutawala. Uelewa huo ni sehemu ya ukubwa wa riwaya, kwani unampa msomaji nafasi ya kumwelewa mtenda dhuluma bila kumhalalishia dhuluma yake.

Moto ndani ya nyumba

Katika dhiki hiyo Emecheta alianza kuandika. Katika riwaya, Adah anaandika kwa mkono katika madaftari ya shule, katika kipindi kifupi anachokuwa nyumbani na watoto, na hadithi anayoitunga inaitwa The Bride Price, yaani mahari. Wafanyakazi wenzake wa maktaba, hasa Bill, mwanamume kutoka Kanada anayempa vitabu vya waandishi weusi avisome, wanausoma mswada na kumwambia una thamani. Kwa mtu ambaye kwa miaka mingi ameambiwa kwamba akili yake si kitu, maneno hayo ya wasomaji wawili watatu yana uzito mkubwa kuliko sifa za gazeti lolote.

Mume hakuwa na maoni hayo. Francis anakataa kuusoma mswada, akiona kwamba mwanamke mweusi, tena mke wake, hawezi kuandika kitu, na baadaye anauchoma moto akidai kwamba ukoo wake usingeridhia mke wa kwao aandike kitabu cha namna ile. Jambo hili halikubuniwa kwa ajili ya riwaya: mume wa Emecheta aliuchoma mswada wa kwanza wa The Bride Price, na mwandishi alilirudia jambo hilo katika tawasifu na katika mazungumzo yake ya baadaye na waandishi wa habari. Katika riwaya, Adah ameuhesabu mswada huo kuwa mtoto wa akili yake, na anauona moto ule kuwa mauaji. Hapo ndipo anapoamua kwamba ndoa imekwisha.

Wasomaji wengi hujiuliza kwa nini kipigo hakikumwondoa Adah, na karatasi zikamwondoa. Sehemu ya jibu iko katika mafunzo aliyolelewa nayo. Msichana wa Ibuza, kama msichana wa Pwani aliyefundwa na somo au kungwi, aliingia katika ndoa akiwa na maneno tayari ya kuyaelezea maumivu ya mwili: kwamba ndoa ni kuvumiliana, kwamba kila nyumba ina yake, kwamba watoto wakikua mambo yatatulia. Kwa kuchomwa kwa mswada hapakuwa na methali ya kumtuliza. Kitendo hicho kilikuwa nje ya yote aliyofundishwa kuyastahimili, na kwa hiyo aliweza kukiona kilivyo, na kwa mwanga huo akayaona upya na yale mengine yote. Huo si uthibitisho kwamba karatasi zina thamani kuliko mwili. Ni uthibitisho kwamba mazoea yanaweza kumzuia mtu asiuone mwili wake mwenyewe ukidhulumiwa.

Kuondoka, na gharama zake

Mwaka 1966 Emecheta aliiacha ndoa hiyo, akiwa na miaka 22. Uamuzi huo husimuliwa mara nyingi kana kwamba mlango ulifunguka na uhuru ukaingia, lakini hali halisi ya Uingereza ya wakati huo ilikuwa tofauti kabisa. Makazi ya kwanza yanayojulikana sana ya kuwahifadhi wanawake waliopigwa na waume zao yalifunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971, na sheria mahususi ya kuwapa wanandoa ulinzi wa haraka wa mahakama dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipitishwa mwaka 1976. Mwanamke aliyeondoka mwaka 1966 aliondoka bila ya hayo yote. Katika riwaya, Francis anasimama mahakamani na kukana kwamba waliwahi kuoana, akiwa ameziteketeza hati za ndoa na za kuzaliwa kwa watoto, na anakuwa tayari watoto wapelekwe kulelewa na wengine. Adah anatamka mbele ya hakimu kwamba watoto ni wake na kwamba atawatunza maisha yake yote.

Jinsi Emecheta mwenyewe alivyoitimiza ahadi ya namna hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiko lilikolala fundisho la vitendo. Kwanza, alikuwa na kipato chake, maana kuanzia mwaka 1965 hadi 1969 alikuwa mfanyakazi wa maktaba ya British Museum. Pili, alikubali msaada ulipohitajika: kwa kipindi fulani yeye na watoto waliishi katika majengo duni ya halmashauri, kwa posho ambayo serikali huwapa wasio na kipato cha kutosha, na riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, In the Ditch, inaeleza fedheha ya maisha hayo pamoja na udugu uliomea kati ya wanawake maskini, weupe kwa weusi, waliosaidiana kulea watoto na kupambana na maofisa wa ustawi wa jamii. Tatu, aliendelea kusoma, akapata shahada ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1972. Waswahili husema mficha uchi hazai, na mwanamke huyu hakuuficha uhitaji wake. Aliweza kuwaambia watu baki kwamba hana, na kwa kusema hivyo akapata pa kuanzia.

Bahasha zilizorudi

Baada ya kuokoka katika nyumba iliyomkatalia haki ya kuandika, Emecheta alikutana na aina ya pili ya kukataliwa. Aliyatuma maandishi yake kwa wachapishaji na wahariri, na kwa muda mrefu yalirudi. Aliandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, akaenda kazini, akajifunza, akatuma tena. Mlango ulifunguliwa na jarida la New Statesman, lililokuwa chini ya uhariri wa Richard Crossman, ambalo lilianza kuchapa makala zake kuhusu maisha ya mama anayelea peke yake katika majengo ya maskini, na makala hizo ndizo zilizokusanywa na kuwa In the Ditch mwaka 1972.

Mtu aliyechomewa mswada angeweza kuhisi kila bahasha inayorudi kuwa moto mwingine, na hapa ndipo busara ya Emecheta inapoonekana. Mhariri anayerudisha mswada amesema kwamba haufai kwake, kwa sasa, kwa hali uliyo nayo. Anaweza kuwa amekosea, anaweza kuwa na upendeleo, lakini amekiacha kitu mikononi mwa mwenyewe, naye mwenyewe anabaki na uwezo wa kukirekebisha, kukipeleka kwingine, au kukiweka hadi wakati wake ufike. Anayechoma ameondoa uwezekano wa kesho. Kipimo hiki ni rahisi kukitumia kuliko kupima ukali wa maneno, kwa kuwa barua ya mhariri inaweza kuwa na maneno makali na bado ikaacha njia, na mwenzi anaweza kutumia maneno matamu huku akifunga kila njia. Swali la kuuliza mbele ya kukataliwa kokote ni kama kumemwachia mtu kazi yake, muda wake na uwezo wake wa kujaribu tena.

Kuvumilia katika uandishi, hata hivyo, hakuna maana ya kurudiarudia jambo lilelile bila kujifunza. Maandishi yaliyopita katika New Statesman yalikuwa yamebadilika kutokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba aliandika juu ya jambo alilolijua kuliko wasomaji wote wa jarida hilo, yaani umaskini wa London ukitazamwa kutoka ndani na mwanamke wa Kiafrika. La pili ni kwamba elimu ya sosholojia ilimfundisha kuyaona maisha yake kama sehemu ya mpangilio wa jamii, hivi kwamba alipoeleza chumba chake alieleza pia sera ya makazi, na alipoeleza posho yake alieleza pia jinsi taasisi zinavyowafunza watu utegemezi. Malalamiko ya mtu binafsi humchosha msomaji upesi. Maelezo ya namna dhiki inavyotengenezwa humfumbua macho.

Kuandika upya

Baada ya Second-Class Citizen kuchapishwa na Allison & Busby, kampuni ambayo Margaret Busby, mwanamke mzaliwa wa Ghana, alikuwa mwanzilishi mwenza wake, Emecheta aliurudia mswada uliochomwa. The Bride Price ilichapishwa mwaka 1976, takriban miaka kumi baada ya moto. Ni hadithi ya Aku-nna, msichana anayefiwa na baba, kurithiwa pamoja na mama yake na ndugu wa marehemu, na kuolewa na Chike, kijana wa ukoo wa watumwa, kinyume cha ridhaa ya familia. Mahari yake haikubaliwi, na anafariki katika uzazi, kama imani ya jamii ilivyotabiri.

Kitabu kilichoandikwa upya hakiwezi kuwa kile kilichoungua, na si lazima kiwe. Aliyeandika mara ya kwanza alikuwa mke kijana mwenye hamu ya kuthibitisha kwamba anaweza. Aliyeandika mara ya pili alikuwa mtunzi mwenye vitabu viwili, shahada, na miaka kumi ya kuwalea watoto watano peke yake. Kwa watunzi wa leo waliopoteza kazi kwa kuibiwa kompyuta, kwa mafuriko, au kwa chuki ya mtu wa karibu, mfano huu una faraja ya kweli: maandishi yanaweza kupotea, lakini ufundi uliopatikana wakati wa kuyaandika hubaki kwa aliyeyaandika, na ndio unaowezesha kuandika tena.

Jambo jingine la ufundi ni umbali. Emecheta hakusimulia ndoa yake kwanza kwa nafsi yake; alimuumba Adah, akamtazama kwa nafsi ya tatu, na miaka kumi na miwili baada ya Second-Class Citizen ndipo akachapisha tawasifu. Kumpa mhusika jina jingine kulimwezesha kuyaona makosa ya Adah, pamoja na ujinga wa Adah wa ujana na majivuno yake, ambayo mtu anayejitetea huyaficha. Mtunzi anayeandika dhiki yake ikiwa ingali mbichi huandika kwa lengo la kushinda mabishano, na msomaji hulitambua hilo. Anayesubiri, au anayejitengenezea umbali kwa mhusika, huandika kwa lengo la kuelewa. Hapa subira inarudi katika nafasi yake ya heshima.

Njia ya kubaki na njia ya kuondoka

Itakuwa kosa kuhitimisha kutokana na maisha haya kwamba kila ndoa yenye dhiki ni ya kuachwa, au kwamba anayebaki ni mwoga. Mwandishi mwingine wa Afrika Magharibi, Mariama Bâ wa Senegal, naye mama wa watoto tisa aliyepitia talaka, aliliweka swali hilo katikati ya riwaya yake Une si longue lettre, iliyotoka mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980, na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Humo kuna marafiki wawili wanaopatwa na jambo linalofanana, kila mmoja mumewe akioa mke wa pili. Aissatou anaondoka na wanawe wanne, anasoma, na kupata kazi ya ukalimani katika ubalozi. Ramatoulaye anabaki, ingawa mumewe ameoa rafiki wa binti yao na kuitelekeza nyumba. Na baada ya kufiwa naye anawakataa wanaume wanaotaka kumwoa, kwa sababu anataka kuchagua mwenyewe.

Riwaya haimtukuzi mmoja kwa kumdhalilisha mwenzake. Kubaki kwa Ramatoulaye ni uamuzi aliouchukua akijua anachokifanya, naye anabaki na kazi yake ya ualimu, marafiki zake, imani yake ya Kiislamu na kalamu yake; hakuna aliyemchomea barua. Kipimo kilichotajwa hapo juu kinafanya kazi hapa pia, kwani kinachotofautisha subira yenye heshima na kujiangamiza ni kama anayesubiri amebaki na uwezo wa kuamua vingine kesho. Methali ya mvumilivu hula mbivu inadhania kwamba tunda lipo na linaendelea kuiva. Haisemi lolote kuhusu mti uliokatwa.

Kwa msomaji wa Tanzania, sheria yenyewe inautambua mgawanyo huu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitaka pande zinazogombana zipite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, isipokuwa katika hali maalumu, na hivyo inaheshimu juhudi za kupatana. Lakini sheria hiyohiyo inatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Usuluhishi umewekewa magomvi, na kipigo kimewekewa katazo. Wazee na washauri wanaowarudisha waliopigwa kwa maneno ya kuvumilia, bila ya kumgusa mpigaji, wanaitumia dawa ya ugonjwa mmoja kutibu mwingine.

Mambo ya kushika

Kutokana na habari hizi yanapatikana mambo kadhaa ambayo mtunzi mwenye familia anaweza kuyafanyia kazi. La kwanza ni kuitaja dhiki kwa jina lake, akijiuliza kama yeye na mwenzi wake wanabeba mzigo mmoja au kama mmoja amegeuka kuwa mzigo wa mwingine. Ikiwa ni shida ya pamoja, uandishi hauna budi kupatiwa nafasi kwa makubaliano yaliyo wazi, saa ngapi na kwa gharama gani, kwa maana wenzi wengi wanaoonekana kuuchukia uandishi huwa kwa kweli wanachukia kuachiwa kazi zote za nyumbani peke yao, na malalamiko hayo ni ya haki. Ikiwa ni dhuluma, hatua ya kwanza ni usalama wa mtu na wa watoto, na fasihi itasubiri.

La pili ni kuilinda kazi. Mswada usiwe na nakala moja tu, wala usikae mahali pamoja, na kwa zama hizi ni jambo jepesi kumtumia rafiki mwaminifu nakala kila baada ya muda. La tatu ni kutafuta wasomaji wachache wa kweli mapema, kama Adah alivyowapata wenzake wa maktaba, kwa sababu mtunzi mwenye msomaji mmoja tu, naye akiwa mwenzi aliyemchoka, huishia kuamini kwamba maoni ya mtu huyo ndiyo maoni ya ulimwengu. La nne ni kuwa na kipato au ujuzi usiotegemea vitabu, kwani Emecheta aliendelea na kazi ya ustawi wa vijana na jamii mjini London hadi mwaka 1978, akiwa tayari na vitabu kadhaa, na uhuru wake wa kuandika alichotaka ulitokana na mshahara huo. La tano ni kuisoma kila barua ya kukataliwa kwa swali moja, kama inasema jambo kuhusu kazi. Ikiwa inasema, ifanyiwe kazi, na ikiwa inazungumza kuhusu rangi, jinsia, kabila au nasaba ya mtunzi, ihesabiwe kuwa habari kuhusu aliyeiandika.

Emecheta aliishi hadi Januari 25, 2017, akiwa ameandika zaidi ya vitabu 20, miongoni mwao The Joys of Motherhood ya mwaka 1979, ambayo imekuwa ikisomwa na kujadiliwa katika vyuo vikuu vya Afrika na nje yake. Kitabu hicho kinasimulia maisha ya Nnu Ego, mama aliyejinyima kila kitu kwa ajili ya watoto akitumaini kwamba uvumilivu wake utalipwa, na ambaye anafariki peke yake kando ya barabara. Wengi hukisoma kama shutuma dhidi ya uzazi, lakini mwandishi wake aliwalea watoto watano, na Second-Class Citizen aliwatunukia hao hao, akiutambua mchango wa sauti zao zilizomzunguka alipokuwa akiandika. Anachokikataa ni mafundisho yanayomtaka mtu avumilie bila kuuliza anavumilia nini, kwa ajili ya nani, na kwa matumaini gani. Mtunzi aliyekwisha kujijibu maswali hayo kuhusu ndoa yake ataweza pia kujijibu kuhusu mswada wake, na atakaporudishiwa bahasha atakuwa na sababu ya kuituma tena.